Maswali ya wasomaji: Ada ya mfuko inakatwa lini, mbona siioni?

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza kitu kimoja kwa sura tofauti, makato. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndo mama yao wote, ukiielewa hiyo zilizobaki utazisoma kama kunywa maji.

Dada, habari za majukumu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwezi wa tatu niliweka milioni 2 kwenye mfuko wa vipande, na kwenye fomu kuna sehemu imeandikwa ada ya usimamizi asilimia 1.5 kwa mwaka. Kila mwezi nachungulia taarifa yangu kwenye simu, sioni kimekatwa hata shilingi moja, vipande viko vilevile 4,000. Sasa nataka kutoa hela nimalizie kupaua nyumba na nina hofu kwamba hiyo ada wameilimbikiza wananisubiri mlangoni. Halafu kuna bei mbili, ya kuuza na ya kununua, mimi ndo nauza lakini nalipwa bei ya kununua. Hapo sijaelewa kabisa. – Mwalimu, Morogoro

Mwalimu wangu, salama kabisa, na hongera kwa nyumba kufika kwenye paa, maana hapo wengi ndo tunaishia.

Nianze na hofu yako. Hakuna anayekusubiri mlangoni na ada ya usimamizi ya miezi mitano. Umeshailipa yote mpaka ya jana. Umeilipa kila siku, ukiwa darasani, ukiwa umelala, Jumapili ukiwa kanisani au nyumbani, na haikuonekana kwenye taarifa yako kwa sababu haikatwi kwenye vipande vyako, inakatwa kwenye mfuko mzima (zile hela za watu wengi zilizowekezwa pamoja, na kipande ni sehemu yako humo) kabla bei ya kipande haijatangazwa.

Inavyofanyika ni hivi. Siku ikiisha, watu wa mahesabu kwenye mfuko wanajumlisha kila kitu ulichonacho mfuko: hatifungani za serikali (hela ambazo serikali imekopa na inazilipia riba), hela zilizoko benki kwenye akaunti za muda maalum, hisa kwa bei zilizofungia siku pale soko la hisa, na riba iliyoingia siku hiyo hata kama haijalipwa bado. Wakishapata jumla wanatoa madeni ya mfuko. Na moja ya madeni hayo ni ada ya meneja ya siku hiyo moja, yaani ile asilimia 1.5 ya mwaka imegawanywa kwa 365. Kinachobaki wanakigawa kwa idadi ya vipande vyote, ndo unapata thamani halisi ya kipande unayoiona kesho yake kwenye gazeti au kwenye simu. Hela yenyewe meneja anaweza kuichukua mwisho wa mwezi, lakini kwenye vitabu ilishatengwa siku kwa siku, na bei uliyoiona ilishapungua.

Umewahi kupeleka mahindi mashineni akakuambia hamna kulipa, anabaki na pumba? Unarudi na unga wako, hujatoa hela mfukoni, hakuna risiti, na mwenye mashine kashalipwa. Ndo hivyo hivyo.

Tuchukue hesabu yako. Uliweka milioni 2, una vipande 4,000, ina maana ulinunua kila kimoja kwa 500. Asilimia 1.5 ya milioni 2 ni 30,000 kwa mwaka, kama shilingi 82 kwa siku. Kwa miezi mitano ni kama 12,500. Tuseme leo kipande ni 525. Bila hiyo ada kingekuwa kama 528. Hizo shilingi tatu kwa kila kipande ndo ada yako, na hakuna taarifa yoyote itakayokuandikia mstari unaosema "leo tumekukata 82", ndo maana ulikuwa unachungulia huoni kitu.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi wananiuliza wakiwa wameshakasirika: asilimia 1.5 ya nini? Ni ya hela yote iliyoko kwenye mfuko, sio ya faida. Mfuko ukipanda inakatwa, ukishuka inakatwa. Kama mfuko umezalisha asilimia 12 kwa mwaka kabla ya gharama, ile 1.5 ni moja ya nane ya faida yenu wote. Ukiisikia "moja na nusu" unaona ndogo, ukiiweka pembeni ya faida unaiona ukubwa wake.

Tena sio hiyo peke yake. Kuna benki inayotunza mali za mfuko (hela na hatifungani hazikai kwa meneja, na hilo ni jambo la kushukuru), kuna mkaguzi wa hesabu, kuna kuchapisha bei na ripoti. Wote hao wanalipwa kutoka kwenye mfuko kwa njia ileile, kabla ya bei. Ukitaka kujua kila kitu kwa pamoja usiangalie fomu, tafuta ripoti ya mwaka ya mfuko, nenda kwenye ukurasa wa mapato na matumizi, chukua jumla ya matumizi gawa kwa thamani ya mfuko. Mfuko wenye bilioni 100 ukionyesha matumizi ya bilioni 2.1, basi gharama halisi ni asilimia 2.1, hata kama fomu ilisema moja na nusu. Nakuomba ufanye hii hesabu mara moja tu kwa mfuko wako, inachukua dakika kumi na utakuwa umejua kuliko wengi waliokaa humo miaka.

Sasa hizo bei mbili. Majina yake yameandikwa kwa upande wa mfuko, sio upande wako. Bei ya kuuza ni ile ambayo mfuko unakuuzia wewe ukiingia. Bei ya kununua ni ile ambayo mfuko unanunua vipande kutoka kwako ukitoka. Niliwahi kukaa mezani na mzee mmoja mstaafu, kashika kalamu ya risasi, kaandika kwenye taarifa yake "wananunua bei chini, wananiibia" na kapigia mstari mara mbili. Tukachukua kikokotoo, tukatoa ile ya chini kwenye ya juu, tukagawa, ikatoka asilimia 1 kamili. Akanyamaza, akasema "kumbe ni ada." Ndiyo, ni ada ya kutoka, na iliandikwa kwenye waraka wa mfuko siku anajiunga, ila hakuna aliyemwambia kwamba inajificha ndani ya bei.

Hiyo ndo inakusubiri mlangoni kama mfuko wako unayo, maana sio mifuko yote. Chukua UTT AMIS, kampuni ya kusimamia mifuko ambayo wengi tunaifahamu mifuko yao: Mfuko wa Umoja ulioanza 2005 una ada ya kutoka asilimia 1, lakini Mfuko wa Ukwasi ulioanza 2013 hauna ada ya kuingia wala ya kutoka. Kampuni ileile, milango tofauti. Kuna mantiki pia: mfuko unaobeba hisa na hatifungani za muda mrefu haupendi watu waingie na kutoka kila wiki kwa sababu kila anayetoka anaweza kulazimisha kitu kiuzwe, na gharama ya kuuza inawaangukia waliobaki.

Kwako wewe: vipande 4,000 kwa 525 ni milioni 2 na laki 1. Kama ada ya kutoka ni asilimia 1, bei ya kununua itakuwa 519.75 na utapokea 2,079,000. Umeacha 21,000. Angalia vizuri, imekatwa kwenye milioni 2.1, yaani kwenye thamani ya siku unayotoka, sio kwenye milioni 2 uliyoweka. Na inakatwa kwenye kile tu unachotoa. Kwahiyo mwalimu, kama bati na mbao zinataka milioni 1 na laki 2, toa hiyo tu. Nyingine iache ifanye kazi, usitoe zote ukae nazo kwenye simu halafu mwezi ujao uzirudishe, utakuwa umelipa mlango bure.

Moja la mwisho kwako kwa sababu una muda mrefu wa kazi mbele. Milioni 10 ikikaa miaka 20 kwenye mfuko unaozalisha asilimia 10 kabla ya gharama, ukikatwa asilimia 1 kwa mwaka utakuta kama milioni 56. Ukikatwa 2.5 utakuta kama milioni 42 na nusu. Hela ileile, soko lilelile, milioni 13 na zaidi imeondoka kidogo kidogo bila mstari wowote kwenye taarifa. Hapo mimi ndo huwa nashika kichwa. Lakini pia usikimbilie mfuko kwa sababu ada yake ni ndogo tu. Ukiangalia bei ya kipande ya mwaka jana na ya mwaka huu, ile tofauti ni faida ambayo ada za ndani zimeshatoka, kwahiyo mfuko wenye ada kubwa kidogo ila bei inapanda vizuri mwaka hadi mwaka unaweza kuwa bora. Linganisha kile kinachobaki mkononi mwako.

Asalaam aleikum dadangu. Mimi nauza mitumba Kongowea. Kila jioni nikifunga natuma mia mbili kwa MMF (mfuko wa soko la fedha) kupitia simu, sasa nimefika kama elfu arobaini. Tangazo lao lasema asilimia 11 kwa mwaka. Nikipiga hesabu yangu ya mwezi nakuta imeingia pungufu. Je, wamenikata ada mara mbili? – Muuza mitumba, Mombasa

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Hawajakukata mara mbili, ila kuna vitu vitatu vimekaa mahali patatu tofauti na wewe umeviona kama kimoja.

Cha kwanza ni ada ya meneja, na hiyo kwenye 11 haimo tena. Kenya, kiwango kile wanachotangaza huwa ni baada ya kutoa ada ya meneja, ambayo kwa mifuko mingi ya aina hii inazunguka asilimia 2 kwa mwaka au chini yake. Ina maana mfuko ulizalisha kama 13, wao wakachukua chao, wakakutangazia 11. Inatengwa kila siku kama nilivyomweleza mwalimu hapo juu.

Cha pili ni kodi ya zuio, asilimia 15 ya riba, na hiyo ndo tangazo haliihesabu. Haiendi kwa kampuni, inaenda KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya), na kampuni inaikata kwa niaba yao kabla hujawekewa riba. Elfu 100 ikikaa mwaka mzima kwa asilimia 11 inazaa 11,000, kodi ni 1,650, wewe unabaki na 9,350. Kwahiyo ukiona tangazo la 11, wewe kichwani soma 9.35. Kwa elfu 40 yako mwezi mmoja inazaa kama 367, kodi inaondoka 55 hivi, unabaki na kama 312. Naona hiyo ndo pungufu iliyokusumbua. Zingatia pia kwamba riba inahesabiwa kila siku lakini mingi huiweka kwenye akaunti mwisho wa mwezi, na hiyo 11 ni kiwango cha siku hiyo kilichonyooshwa kuwa cha mwaka, kesho inaweza kuwa 10.8.

Cha tatu ndo kilichonifanya niichague barua yako, na hujakiuliza. Ni gharama ya kutuma. Kuna kampuni zinazobeba tozo ya simu zenyewe, kuna zinazokuachia wewe. Kama zako zimekuachia, tuseme unakatwa shilingi 5 kila unapotuma 200. Siku 26 za kazi ni shilingi 130 kwa mwezi. Na riba yako ya mwezi mzima baada ya kodi ni 312! Karibu nusu ya jasho la hela yako inaliwa njiani kabla haijafika, na hiyo huwezi kuiona kwenye taarifa ya mfuko kwa sababu mfuko haujui kitu, imekatwa huku kwenye simu. Fungua meseji zako za M-Pesa za wiki iliyopita uangalie ile sehemu ya gharama ya muamala mwisho wa meseji, utaiona.

Najua kwa nini unatuma kila jioni. Hela ikilala dukani inaamka ikiwa imetumika. Nakuelewa na nidhamu hiyo usiivunje. Ila jaribu kuitenga kwenye laini nyingine au mpe mtu unayemuamini nyumbani, halafu Ijumaa utume mara moja 1,200. Tozo zinapanda kwa ngazi, kutuma mara moja kiasi kikubwa ni nafuu kuliko kutuma mara sita vidogo vidogo. Na kabla ya hapo waulize wenye mfuko kama wana njia ya kuweka isiyokutoza, wengi wanayo na hawasemi mpaka waulizwe.

Habari dada. Niko Leicester, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Naweka pauni 50 kila mwezi kwenye jukwaa la uwekezaji, nimefikisha 900. Nilichagua mfuko wenye ada ndogo sana 0.23 nikajua nimemaliza. Juzi nimeona wameuza sehemu ya vipande vyangu bila kuniuliza, wameandika ni ada ya akaunti. Je, wana haki hiyo? – Mtanzania, Uingereza

Pole na kazi dada, najua zamu za usiku zilivyo.

Haki wanayo kwa sababu iko kwenye mkataba uliokubali siku unafungua akaunti, lakini tukubaliane kwamba wengi hatusomi pale. Huko kwenu kuna tabaka mbili na huyu hamjui yule. Mfuko ni mmoja, duka linalokuuzia na kukutunzia mfuko, yaani hilo jukwaa lako, ni lingine. Ile 0.23 ni ya mfuko, inakatwa ndani ya bei kila siku kama kawaida, kwa pauni 900 ni kama pauni 2 kwa mwaka. Ya duka ndo inakatwa waziwazi, kwa kawaida kila mwezi au kila robo mwaka baada ya muda kupita, wanaanza na taslimu iliyoko kwenye akaunti, ikikosekana wanauza vipande. Wewe ulikuwa unaingiza 50 na zote zinanunua mfuko, taslimu haibaki hata peni, ndo wakauza.

Zamani huko Uingereza haya yote yalikuwa yamefungwa kwenye furushi moja. Mfuko ulikata kama 1.5, meneja akachukua sehemu, mshauri aliyekuuzia akachukua kamisheni yake kila mwaka hata kama hamjaonana tena, na jukwaa nalo likapata kipande. Mwisho wa 2012 walipiga marufuku kamisheni za washauri, na kuanzia 2014 majukwaa nayo yakaanza kulazimishwa kukutoza wewe moja kwa moja. Kwahiyo mstari uliokushtua ni mzuri kuliko ule ambao usingeuona.

Tatizo lako ni kiasi. Kuna majukwaa yanayotoza kwa asilimia na kuna yanayotoza pauni kamili. Mfano unaojulikana ni Vanguard ya Uingereza: tangu tarehe 31 Januari 2025, mwenye chini ya pauni 32,000 analipa pauni 4 kwa mwezi, wakati zamani naye alilipa asilimia 0.15. Pauni 48 kwa mwaka ndo hasa 0.15 ya 32,000, kwa huyo hakuna kilichobadilika. Kwa mwenye 900 ni zaidi ya asilimia 5! Mfuko wako wa 0.23 hauwezi kuziba hilo shimo, na soko lenyewe mwaka mwingine halitoi hata hiyo 5.

Angalia yako inatoza vipi. Kama ni pauni kamili, hamia linalotoza asilimia mpaka hela yako ikue, halafu ikishakuwa kubwa angalia tena maana hapo pauni kamili ndo inakuwa nafuu. Na kama akaunti yako ni ISA (ile akaunti ya huko ambayo faida yake haikatwi kodi) tafadhali usitoe hela mwenyewe ukaipeleka kule kwingine, utapoteza ile nafasi yake ya kutokatwa kodi. Nenda kwa jukwaa jipya, jaza fomu yao ya uhamisho, wao ndo watavuta kutoka kwa la zamani. Uliza pia kama la zamani lina ada ya kufunga. Kwenye akaunti mpya acha pauni 10 taslimu kila wakati, wasiguse vipande.

Dada nimenunua hisa za laki moja DSE (soko la hisa la Dar es Salaam) kupitia simu, nimeona nimepata hisa pungufu ya hesabu yangu. Nilidhani wanakata ukiuza tu. – Kijana, Dodoma

Wanakata ukinunua na wanakata ukiuza, papo hapo, siku ya muamala. Hisa haina ada ya kila siku kama mfuko kwa sababu hakuna meneja anayekusimamia, kwahiyo gharama zote ziko kwenye milango miwili. Ukijumlisha kamisheni ya broka (wakala anayekununulia na kukuuzia hisa sokoni) na VAT yake, na tozo ndogo ndogo za soko, za mamlaka ya masoko ya mitaji (CMSA) na za kule zinakotunzwa hisa, inafika kama asilimia 2 na kidogo kila upande. Laki yako imelipa kama 2,300 kuingia. Ukiuza bei ileile utalipa nyingine kama hiyo. Bei ya hisa inatakiwa ipande karibu asilimia 5 ndo urudi pale ulipoanzia, kwahiyo ile tabia ya kununua Jumatatu na kuuza Ijumaa kwa sababu imepanda asilimia 3, unafanya kazi ya broka. Nunua hisa unayotaka kukaa nayo, na omba ile hati ya muamala kila mara, mle ndani kila kato limeandikwa mstari wake.

Shikamoo dada. Shemeji yangu kajiunga na apu ya uwekezaji, hawakati ada yoyote na wanalipa asilimia 2 kila siku. Kwenye simu salio lake linasoma milioni 3 na laki 4. Anataka kutoa, wamemwambia alipe kwanza kodi ya kutoa, 280,000, kwa namba ya simu. Anataka nimuongezee 100,000. Nimsaidie? – Mwanachuo, Mwanza

Marahaba mdogo wangu. Usimpe. Na leo hii kabla hujalala mpigie umwambie asitume hata yake.

Umesoma barua zote hapo juu, rudi uangalie kitu kimoja. Ada ya usimamizi inatoka ndani ya mfuko kabla ya bei. Ada ya kutoka inatoka ndani ya thamani ya vipande unavyouza. Kodi ya Kenya inatoka ndani ya riba. Jukwaa la Uingereza likakosa taslimu likauza vipande. Broka anakata kwenye hela ya muamala wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyemwambia mtu leta hela nyingine kutoka nyumbani ndo nikupe zako. Kama kweli shemeji yako ana milioni 3.4 kule ndani, wangekata hizo 280,000 humohumo wakampa milioni 3.12. Wanamuomba atume kwa sababu kule ndani hamna kitu, ni namba imeandikwa kwenye kioo cha simu.

Na hiyo asilimia 2 kwa siku, mpigie hesabu mbele yake. Elfu 10 ikizaa asilimia 2 kila siku na faida ikabaki humo, baada ya siku 365 ni zaidi ya milioni 13 na laki 7. Hakuna hatifungani, hakuna duka, hakuna mgodi Geita unaofanya hivyo. Mifuko halali inahangaika mwaka mzima kufikisha kile ambacho hao wanasema wanalipa kwa wiki moja.

Najua itamuuma na pengine atakasirika na wewe, hasa kama kuna ndugu wengine aliowaingiza. Ongea naye taratibu, usimcheke, watu wenye akili zao timamu wanaingia humo kila siku. Mwambie apige picha za skrini za salio, za mazungumzo na za namba zote alizotumia hela kabla hawajamfungia, apeleke polisi kitengo cha makosa ya mtandao, na awapigie mtandao wa simu wazuie namba hiyo iliyopokea. Hela zilizokwenda leo asubuhi kuna wakati zinakutwa bado hazijatolewa, za mwezi uliopita ni ngumu. Kwahiyo mpigie sasa hivi, barua nyingine utaniandikia baadaye.